Kiti cha Katikati

Kutoka Nairobi mpaka kule Minnesota anakokaa mwanangu ni kilomita elfu kumi na tatu na ushee. Hiyo sikuisoma mahali. Niliambiwa na mama wa tiketi mjini Kisii, akageuza kompyuta yake nione ramani. Kulikuwa na mstari umepinda kama mgongo wa paka, unatoka kwetu, unapita juu ya jangwa, unagusa Ulaya, halafu unavuka maji mengi mpaka Marekani.

Mimi niliishia darasa la tatu, lakini umbali naujua. Nimekuwa mtu wa ndizi tangu ndevu hazijaota. Nilianza kwa kusukuma mkokoteni kutoka Nyamache mpaka Keumbu, na mteremko mmoja kabla ya soko ulinipitishia gurudumu juu ya goti la kushoto, ndiyo maana natembea hivi. Nikanunua pikapu. Leo malori mawili yanayotoka Keumbu kwenda Nairobi na ndizi ni yangu, na hakuna mjomba wala mwanasiasa aliyenishika mkono. Nasema hivyo ili msomaji ajue anaongea na nani. Mtu wa ndizi hapimi njia kwa kilomita. Anaangalia alichobeba. Ndizi mbichi inakupa muda wa kunywa chai njiani. Ile iliyoanza kugeuka rangi haikupi.

Safari ninayoiandika hapa haikunipa.

Ilikuwa Jumamosi, tumetoka kanisani, maana sisi ni Wasabato, simu ikalia. Mwanangu wa kwanza. Yeye hufanya kazi katika nyumba ya kutunza wazee huko, na kila akipiga huanza kwa kuniuliza ng'ombe. Ng'ombe wako sawa? Yule mweusi amezaa? Ndiyo salamu yake, hata kabla ya kumwuliza mama yake. Siku hiyo hakuuliza ng'ombe.

"Baba, umekaa?"

"Nimesimama. Sema."

"Madaktari wamekuta mshipa mkubwa wa moyo umevimba. Ule unaotoa damu. Wanasema ukipasuka wenyewe hakuna kitu cha kufanya. Watanipasua Jumatano asubuhi waubadilishe."

"Kwa nini si leo?"

"Kuna mambo wanatayarisha. Baba, nataka nikuone kabla waniingize. Wewe na mama watoto. Daktari hakunificha. Wengine huwa hawaamki."

Nilimwambia tutafika, kama vile naenda Mosocho kuona shamba.

Visa tulikuwa nazo, mimi na mke wake. Tulizichukua mwaka uliotangulia twende tumwone akimaliza masomo yake ya uuguzi, halafu mtoto wao mdogo akaugua na safari ikafa. Mke wangu hakuwa na visa. Kwa hiyo wa kwenda tulikuwa wawili tu, mimi na mokamwana, ndivyo sisi humwita mke wa mtoto wetu wa kiume. Na hapo ndipo shida ilipokaa.

Wageni husema Wakisii tuna mambo mengi. Sawa, tunayo. Sisi tuna kitu kinaitwa ensoni. Ni heshima, lakini ni heshima yenye aibu ndani yake, na kati ya baba na mke wa mwanawe ndipo ilipo kali kuliko mahali pengine popote. Simpi mkono. Siketi naye benchi moja. Nyumba yake iko hapo hapo ndani ya boma langu Nyamira, ng'ambo ya kichaka cha chai, na tangu aolewe sijavuka mlango wake. Nikitaka kumwambia jambo nasimama uani nasema na hewa, na yeye anaitikia akiwa jikoni. Chakula akinipikia, mke wangu ndiye anakileta. Vijana wa mjini wameacha, wanakumbatiana na wakwe zao kama wachezaji wa mpira. Hiyo ni juu yao. Mimi baba yangu hakuniachia shamba, aliniachia mambo machache ya namna hiyo, na nimeyatunza.

Jumapili nikampigia simu mama wa tiketi. Ni mtu wa kule kando ya ziwa, amekaa Kisii miaka mingi, anaongea Kikisii kuliko watoto wetu. Nikamwambia safari ni ya mgonjwa. Akatoka kanisani kwao moja kwa moja akafungua ofisi akiwa bado na kofia ya kanisa kichwani. Tuliingia watatu: mimi, mke wangu, na mokamwana ambaye alibaki amesimama karibu na mlango.

"Mzee, kutoka Kisumu mpaka Nairobi ni kama kuruka mtaro," akasema huku akibonyeza. "Kutoka Nairobi mpaka Ulaya, saa nane na nusu hewani. Mnashuka, mnabadilisha ndege. Kutoka Ulaya mpaka kwa kijana, saa zingine kama hizo hizo. Ulaya iko katikati kabisa, ni kama mtu aliipima akaiweka hapo. Mkiondoka kesho usiku, mnafika Jumanne adhuhuri."

"Jumanne hiyo hiyo?"

"Hiyo hiyo. Mnaenda mkilifuata jua, kwa hiyo halizami haraka."

"Weka," nikamwambia.

"Nimebakisha viti vichache, mzee. Vimeshikana."

Mke wangu akaangalia mkoba wake. Mama wa tiketi akanitazama, akamtazama msichana mlangoni, akaelewa, kwa sababu watu wa ziwa nao wana mambo yao ya wakwe.

"Aa," akasema polepole.

"Hakuna ndege nyingine?"

"Iko. Inapitia Uarabuni. Inafika Jumatano jioni."

"Basi mmoja aende na hii, mwingine na hiyo."

"Na nani afike jioni?" akaniuliza. Hakuwa ananidharau. Aliuliza kama mtu anayeuliza chai au uji. "Maana Jumatano jioni kijana atakuwa ameshapasuliwa, mzee. Kama ni kumwona kabla, mmoja wenu hatamwona."

Saa ya ukutani ilikuwa inagonga. Nilikumbuka mwanangu alivyosema, wewe na mama watoto. Hakusema mmoja.

Mokamwana akasema kutoka mlangoni, akiangalia sakafu, "Mimi nitaenda na ile ya jioni. Baba atangulie."

Hakulia, hakuinua sauti. Mke wangu akageuka akanitazama kwa macho ambayo sijayaona tangu tuzike mtoto wetu wa tatu. Na mimi nikamwona yule msichana kwa mara ya kwanza vizuri, nikiwa natazama pembeni, ndivyo mtu wa ensoni huona. Amemlelea mwanangu watoto wawili, na baba yao wanamjua kwa simu. Na sasa alikuwa tayari kufika akute labda mtu baridi, ili mimi nisikae karibu naye.

"Ndege ina viti vitatu kwa mstari au viwili?" nikauliza.

Mama wa tiketi akabonyeza. "Vitatu."

"Tupe vya pembeni. Mmoja dirishani, mmoja kando ya njia. Katikati uache."

"Siwezi kuacha, mzee. Kitauzwa. Lakini mstari wa nyuma naweza kuwasogeza, mmoja huku, mmoja huku. Katikati atakaa yeyote Mungu atakayemleta."

"Basi alete mtu mnene," nikasema.

Mama wa tiketi akacheka mpaka kofia ikainama. Mke wangu hakucheka.

Habari ilifika kijijini kabla yetu. Jioni rafiki yangu mmoja, tulitahiriwa pamoja na tukauza ndizi pamoja kabla hajaamua kulala maisha yake yote, akaja akaketi kwenye kiti changu uani.

"Nasikia unaenda kukaa siku nzima kando ya mokamwana."

"Kuna mtu kati yetu."

"Nani?"

"Sijui bado. Mzungu."

"Umemlipa?"

"Nyamaza."

"Sinyamazi. Utakula mbele yake? Wewe ukila ugali hata mbwa huondoka. Na utalala? Nimelala na wewe Keumbu sokoni chini ya gunia, nakoroma mimi, lakini wewe unapiga trekta. Atasikia yote, ndugu yangu. Na choo. Nasikia choo cha ndege ni kama kabati. Utoke wewe, aingie yeye, kiti bado kina joto."

Hapo niliacha kucheka. Hilo la choo sikuwa nimelifikiria.

"Na hilo koti utavaa huko?" akauliza akionyesha koti langu kubwa la mvua lililoning'inia mlangoni. Nimekuwa nalo tangu siku za pikapu. Lina mafuta ya gari na utomvu wa ndizi ambao hautoki kwa sabuni yoyote.

"Nitavaa."

"Watakufunga jela ya wachafu."

Alipoondoka, mke wangu akanikuta bado nimekaa. Hakuketi.

"Wewe unaogopa aibu," akasema. "Mimi naogopa simu. Usiku wote nitakuwa naiangalia. Ukirudi hapa uniambie ulichelewa kwa sababu ya kiti, sijui nitakuita nani."

Akaingia ndani kuendelea kupanga nguo zangu. Mimi na yeye tumeishi muda mrefu na hiyo ndiyo mara moja tu amewahi kuongea nami hivyo.

Jumatatu tukapitia Oyugis mpaka Kisumu, mimi mbele na dereva, mokamwana nyuma na mama mkwe wake. Kwenye uwanja wa ndege wanawake hao wawili wakaagana kwa kushikana mabega. Mke wangu alimnong'oneza kitu kirefu. Mimi alinifunga kifungo cha koti, basi.

Ndege ile kubwa ya Nairobi niliiingia goti likiwa tayari limeanza kulalamika. Mokamwana akaenda dirishani, mimi nikakaa kando ya njia. Kiti cha katikati kilikuwa kitupu. Watu waliingia na kuingia na kila aliyekuja nilimwangalia kama mtu anayengoja mnunuzi. Mwisho akaja kijana wa Kizungu mrefu na mpana, mabega yake yalikuwa kama mlango wa ghala, akajisukuma akaketi kati yetu. Nikamshukuru Mungu kimoyomoyo. Nilimwomba mnene na alinisikia.

Tukapanda. Mbele ya kila mtu kuna kioo kidogo, na kwenye kioo kuna ramani yenye ndege ndogo. Chini yake kuna namba ya kilomita zilizobaki. Namba hiyo niliiangalia kuliko nilivyowahi kuangalia mizani ya mnunuzi mwizi. Inapungua, lakini polepole, kama maji ya bomba la serikali. Tukiwa juu ya Sudan yule kijana akaona mokamwana ananipitishia maji mbele yake, akageuka akaniuliza kitu. Kiingereza changu ni cha soko, lakini nikaelewa. Anasema sisi ni familia, yeye anaweza kuja kukaa kando ya njia, mimi nikae katikati, tukae pamoja.

"Hapana," nikasema.

Na kule dirishani, wakati huo huo, nikasikia, "Hapana, asante."

Kijana akatutazama huku na huku. Nadhani aliamua kwamba tumekosana vibaya. Akatoa peremende mfukoni akatupa kila mmoja moja, kama watoto waliopigana, halafu akavaa vitu vyake vya masikioni. Nikasikia mokamwana anacheka chini chini, amegeuza uso kwenye dirisha. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka.

Mimi sikulala. Nilikataa kulala, kwa sababu ya trekta. Choo nilienda mara moja, nikangoja mpaka mtu mwingine aingie baada yangu ndipo nikarudi kuketi.

Asubuhi, namba ikiwa imebaki ndogo kabisa, ndege ikaacha kushuka. Nikaona ile ndege ya kwenye kioo inapiga duara. Rubani akasema. Mokamwana akainama mbele, akazungumza na mimi kupita tumbo la yule kijana aliyelala.

"Tatabiara," akasema, ndivyo mke wa mtoto humwita baba mkwe, "wanasema chini kuna ukungu. Wanazunguka."

"Mpaka lini?"

"Hawajasema."

"Na ile nyingine itatungoja?"

Ndege ikazunguka. Nimewahi kukaa na lori limekwama kwenye matope ya Nyamache, mzigo mzima unaiva nyuma yangu na mimi naisikia harufu yake, na nilidhani hakuna kitu kibaya kuliko hicho. Lori, hata hivyo, unaweza kushuka ukasukuma. Ndege ukishuka utaenda wapi? Nilikaa na mikono yangu juu ya magoti kama mtu anayepigwa picha, namba kwenye kioo ikipanda na kushuka, ikipanda na kushuka. Nikawa nahesabu kichwani. Tukiikosa hiyo ya pili, inayofuata ni ya kesho. Ya kesho inafika Jumatano adhuhuri. Asubuhi watakuwa wameshampasua.

Tulipogusa ardhi, muda tuliokuwa nao wa kubadilisha ndege ulikuwa umeliwa karibu wote. Nikasimama, na goti likakataa. Lilikuwa limevimba ndani ya suruali kama boga. Nikafika mlangoni nikishika viti. Nje mfanyakazi mmoja akaniona, akasema kwa Kiingereza tungoje, ataleta mtu wa kunisukuma. Tukangoja. Watu wote wa ndege yetu wakatupita. Yule kijana mpana akatupungia mkono akaenda. Mtu wa kusukuma hakuja.

Mokamwana akaangalia karatasi ya safari, akaangalia kibao juu.

"Mlango wetu uko mwisho wa upande ule mwingine," akasema. "Ni mbali."

"Nitatembea."

Nikatembea. Nilifika kama kutoka nyumba yangu mpaka zizini, nikasimama, jasho limenijaa machoni. Pale ukutani kulikuwa na viti vya magurudumu vimepangwa, hakuna mwenyewe. Mokamwana akatundika kibegi chake begani, akavuta kimoja, akakileta mbele yangu.

"Kaa."

"Sikai."

"Tatabiara, kaa."

"Wewe utanisukuma mimi? Watu wakiniona?"

"Watu gani? Hapa nani anakujua?"

"Mimi najijua."

Akasimama hapo, mikono juu ya vishikio. Alikuwa anapumua kwa nguvu. Nilidhani atalia na nikajitayarisha kukasirika, kwa sababu machozi ya mwanamke hunikasirisha. Hakulia. Aliniangalia usoni, kitu ambacho hakuwa amewahi kufanya, na akaongea nami kama mama yake mkwe alivyoongea.

"Mimi naenda. Ukikataa nakuacha hapa na koti lako. Nikifika, akiniuliza baba yuko wapi, nitamwambia yuko Ulaya, amekaa chini, anachunga ensoni. Nitamwambia hivyo halafu waende wampasue."

Nikakaa.

Akasukuma. Alisukuma vibaya. Alikuwa anavuta kushoto, magurudumu ya mbele yanayumba, karibu tumwingie mama mmoja mwenye mbwa. Na mimi, aibu yote iliyokuwa imenibana kifuani, ikatoka kwa njia nyingine. Ikatoka kama maagizo.

"Usivute mkono mmoja," nikamwambia. "Mikono miwili sawa. Lala na mwili, usitumie mabega. Hapo. Sasa kona inakuja, legeza kabla, usilegeze ndani yake. Sukuma upande wa nje. Hivyo. Nani alikufundisha kubeba?"

"Hakuna."

"Naona."

"Niambie basi!"

"Nakuambia. Mteremko huu, rudi nyuma kidogo, uvute, usiache kiende peke yake. Mteremko wa namna hii ndio ulinila goti."

Tukaenda. Nilisikia pumzi yake nyuma ya kichwa changu, viatu vyake vinapiga sakafu, watu wanapisha. Alikuwa anaongeza mbio na kujifunza palepale. Kwenye kona ya tatu hakuhitaji kuambiwa. Kama angezaliwa mwanamume, na wakati ule, ningemchukua Keumbu tufanye kazi pamoja. Nilifikiria hivyo pale kwenye kiti, nikashangaa.

Walipokagua mizigo tena wakanivua koti, wakalipitisha kwenye mashine, wakalinusa, wakalirudisha. Kwenye mlango wetu hapakuwa na foleni. Palikuwa na mwanamke mmoja ameshika simu ya ukutani na mkono mwingine kwenye mlango. Mokamwana akapiga kelele jina letu. Mwanamke akatutazama, akatazama kitu kwenye kompyuta, akatazama tena saa. Halafu akaufungua mlango.

Ndani, mstari wetu ulikuwa vilevile, dirisha na njia. Wa katikati hakuja. Labda naye alikwama na ukungu mahali fulani, na hakuwa na mtu wa kumsukuma. Ndege ikaanza kusogea na kiti kile kikabaki kitupu kati yetu.

Hapo ndipo jua lilipofanya kile alichosema mama wa tiketi. Tuliruka asubuhi, na asubuhi haikuisha. Kila nikiangalia dirishani, jua liko palepale, kama ng'ombe aliyegoma. Namba kwenye kioo inapungua, barafu chini nyeupe, maji meusi, barafu tena, na mchana umesimama. Mokamwana alipambana na usingizi kwa muda, halafu ukamshinda. Kichwa chake kikaanza kuanguka upande wa kiti kitupu, kinaanguka, kinashtuka, kinarudi. Nikavua koti. Nikalikunja mara mbili, nikaliweka juu ya kiti cha katikati, lisimame. Kichwa chake kikaanguka, kikalikuta. Hakuamka. Nikageuza uso wangu upande wa njia, nikakaa hivyo mpaka tukaanza kushuka.

Tulifika hospitali Jumanne mchana. Mokamwana akaingia kwanza. Mimi nikasimama kizingitini, kwa sababu chumba anacholala mwanangu na mke wake yuko ndani, mimi siingii. Wauguzi wakanizunguka kama nguzo. Niliona miguu yake chini ya shuka, na mgongo wa mke wake umeinama. Nikangoja mpaka akasimama, akasogea mwisho kabisa wa chumba, karibu na dirisha. Ndipo nikaingia.

Alikuwa amekonda. Nyaya zilitoka kila mahali.

"Mmekuja pamoja?" akauliza, macho yanaenda kwangu na kwa mke wake. "Kiti na kiti?"

"Ndiyo."

"Na nani alikaa katikati?"

"Mzungu mmoja," nikasema. "Halafu koti."

Alicheka mpaka mashine ikaanza kulia na muuguzi akaja mbio kumkataza. Alikaa na mkono wangu mkononi mwake jioni yote, na mke wake upande wa dirisha, na hatukuzungumza kuhusu asubuhi.

Asubuhi walimchukua. Sisi tukapelekwa kwenye chumba cha kungojea. Viti vilikuwa vimepangwa mstari, vimefungwa pamoja. Nikakaa kimoja. Mokamwana akaruka kimoja, akakaa cha pili. Nikaweka koti kati yetu. Mbele kulikuwa na televisheni inayoonyesha watu wakipika, hakuna sauti. Saa zikapita. Mokamwana alikuwa na simu yake mkononi, mama yake mkwe anauliza, kule nyumbani imeshakuwa usiku, na mara kwa mara inawaka, na yeye anaandika, bado. Sikumwuliza. Niliona kidole chake tu.

Alasiri daktari akaja. Akazungumza naye haraka, sikushika kitu. Mokamwana akaniambia, "Wamemaliza. Lakini hajaamka. Wanasema tungoje waone kama ataamka." Tukangoja tena. Hiyo ndiyo ilikuwa mbaya kuliko zote. Mtu akiwa kwenye kisu unajua yuko wapi.

Jua lilipofika chini ya majengo, muuguzi akaja mlangoni akamwita yeye peke yake. Wanaruhusu mmoja mmoja. Akaenda. Nikabaki na koti. Nikaangalia mlango ule wenye kioo kidogo, na nikajua kwamba chochote kitakachotoka hapo kitatoka kwenye uso wake kabla ya mdomo, na mimi kwa miaka yote sijajifunza kuusoma uso wake, kwa sababu sikuutazama.

Mlango ukafunguka. Alitembea kama mtu anayebeba sufuria iliyojaa. Macho yake yalikuwa mekundu. Alipita kiti chake. Akainua koti langu, akalipakata, akakaa kwenye kiti cha katikati, bega lake likagusa langu.

"Tatabiara," akasema, na sauti yake ikakatika, akaanza upya. "Ameamka. Hawezi kusema vizuri, koo limeumia. Nikainama nimsikie."

"Amesema nini?"

"Ameuliza ng'ombe."

Nilitingisha kichwa mara nyingi. Baadaye kidogo nikasema, "Mwambie yule mweusi amezaa," na akasema atamwambia, na tukakaa.

Halafu akatazama kulia, akatazama kushoto, akaona mahali alipoketi. Mwili wake ukashtuka, akaweka mkono ili ainuke. Mimi nikageuza uso nikaitazama televisheni, wale watu wakipika, nikaitazama kwa makini sana, kama mtu ambaye hajaona chochote.